Tyubu ya nne imeisha, muwasho upo palepale

Shikamoo mshauri,

Naomba unifichie jina, maana wifi zangu wanakusoma. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, Dar es Salaam.

Mdogo ni wa kiume, ana miaka 3 na miezi 8. Ngozi ilianza kumsumbua akiwa na miezi 5. Ilianzia mashavuni, tukaambiwa ni joto la meno. Meno yakatoka yote, vipele vikabaki. Baadaye vikahamia kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti, na sasa vipo shingoni na kwenye vifundo vya miguu. Ngozi ya pale imekuwa nene na nyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili, ukipitisha kiganja inakwaruza kama msasa. Mchana anacheza, anasahau. Usiku ndiyo balaa: anajikuna mpaka shuka linakuwa na matone ya damu, na mimi nimekaa kitandani namshika mikono.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu nilienda duka la dawa hapa mtaani. Muuzaji akanipa krimu ya mchanganyiko, akasema hii inatibu fangasi, bakteria na aleji kwa pamoja. Siku ya tatu ngozi ikawa safi kabisa, nikamshukuru Mungu. Nilipoacha, wiki haikuisha ikarudi. Nikanunua ya pili, ya tatu, na juzi nimemaliza ya nne. Ni miezi minne sasa. Na usoni nilikuwa nampaka, mashavu yametoka mabaka meupe. Sijamwambia mtu. Naogopa kwamba mimi ndiye niliyemharibu.

Dada yake ana miaka 7. Mwezi uliopita ametoka mabaka mawili ya mviringo kichwani, nywele zimekatika, kuna magamba meupe. Nadhani ameambukizwa na mdogo wake kwa sababu wanalala pamoja. Naye nikampaka krimu ileile, haikusaidia kitu. Mwalimu amesema akae nyumbani mpaka apone.

Mama mkwe amesema tumwachishe mdogo mayai, maziwa na dagaa, nimefanya hivyo tangu Pasaka. Anataka pia tumwogeshe maji ya mwarobaini. Tunatumia maji ya kisima, yana chumvi, na sabuni ya mche kwa sababu tuliambiwa sabuni za manukato ni mbaya.

Sasa nimepokea zamu yangu ya mchezo, shilingi 120,000. Nimeulizia bingwa wa ngozi kwenye kliniki ya binafsi mjini, kumwona tu ni 50,000, dawa mbali. Mume wangu anasema ni ngozi tu, kwani mtoto anaumwa nini, mpeleke zahanati. Zahanati nilishaenda mwaka jana, nikapewa piritoni na losheni ya pinki, mtoto alilala tu lakini hakupona. Niende kwa bingwa bila kumwambia mume wangu? Au nianze tena ngazi ya chini nizungushwe? Na nikifika, daktari akiuliza nilimpaka nini, niseme?

Mama wa Wawili, Mbagala

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona umefunga mambo manne kwenye kanga moja: mdogo anaumwa nini, dada yake anaumwa nini, pesa ya mchezo iende wapi, na je, ni wewe uliyeharibu ngozi ya mwanao. Hilo la mwisho umeligusa kwa sentensi moja ukalikimbia, kwa hiyo tuanze nalo.

Krimu za mchanganyiko ulizotaja huwa na dawa tatu ndani ya tyubu moja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Aliyekupa ile furaha ya siku ya tatu ni steroidi. Kazi yake ni kuzima uvimbe na muwasho, na ni dawa halali ambayo madaktari wa ngozi wanaiandika kila siku. Ubaya unakuja kwenye nguvu yake, sehemu inapopakwa, na muda. Nyingi ya krimu hizi zina betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni kali, na ngozi ya mtoto ni nyembamba, inafyonza dawa nyingi kuliko yako. Usoni na kwenye mikunjo inafyonza zaidi. Ikipakwa miezi mingi ngozi inaweza kusinyaa, kutoa michirizi, kupauka, na kwa mtoto mdogo dawa inaweza kuingia mwilini kiasi cha kulegeza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyohiyo. Haimtokei kila mtoto. Mabaka meupe ya mashavuni huenda hata siyo ya krimu: pumu ya ngozi, ugonjwa ninaoushuku kwa mdogo na nitakaoueleza mbele, yenyewe ikipoa huacha weupe, hasa kwa watoto wenye ngozi yetu, na rangi hurudi taratibu kwa miezi.

Kwa hiyo ulichofanya ni kutumia dawa ya kweli bila vipimo vyake, na vipimo hivyo hakuna aliyekupa. Daktari akikuuliza, mwambie yote, tena mbebee tyubu nne tupu na maboksi yake. Usipomwambia, ataona ngozi iliyofunikwa na steroidi akadhani ndiyo sura halisi ya ugonjwa. Fangasi wakipakwa steroidi hupoteza ule mviringo wao, na hata mtaalamu anaweza kupotea. Huyo dada mtu umempaka krimu hiyohiyo kichwani, kwa hiyo na hilo litaje.

Jambo moja la tahadhari. Usoni usimpake tena. Mwilini, ukiacha ghafla baada ya miezi minne, ngozi inaweza kulipuka kwa siku kadhaa ikawa mbaya kuliko mwanzo. Ikitokea, jua ni nini, usikimbilie tyubu ya tano. Ila akiwa mnyonge kupita kawaida, anatapika, hataki kula, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme ametumia krimu ya steroidi kwa miezi mingapi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kuutaja kwa barua siwezi, ila historia uliyotoa inafanana sana na pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu: umeanza kabla ya mwaka mmoja, mashavuni kwanza, kisha mikunjoni, unakuja na kuondoka, na ngozi imekuwa nene kwa kukunwa. Kuna swali hujalijibu: upande wako au wa baba yake kuna mwenye pumu ya kifua, au mafua ya aleji yasiyoisha, au aliyekuwa na ngozi kama hii utotoni? Muulize mama mkwe, yeye ndiye atakayekumbuka.

Kabla hujakubaliana na mimi, hakikisha kwanza siyo upele, yaani ule ugonjwa wa wadudu wadogo wanaochimba ngozini. Upele nao unawasha usiku, na nyumba yenye upele huwa na zaidi ya mtu mmoja anayejikuna. Chukua tochi ya simu, mtazame katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, kitovuni, makalioni na sehemu za siri. Unatafuta vijipele vidogo, na pengine kamstari kembamba kalikopinda, urefu wa milimita chache, kama kalichochorwa kwa penseli. Halafu jiulize wewe na baba yao: mnajikuna usiku? Jibu likiwa ndiyo, hesabu inabadilika yote, kwa sababu upele hutibiwa nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na dawa hurudiwa baada ya wiki moja au mbili kadiri mtakavyoelekezwa. Nguo na shuka zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kisichofulika kinafungwa kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi. Watu hushindwa hapa kwa sababu wanamtibu mtoto peke yake, au kwa sababu muwasho unaendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa na wao wanadhani dawa imeshindwa.

Umesema binti ameambukizwa na mdogo wake. Nina shaka. Pumu ya ngozi haiambukizi, hata walale shuka moja. Mabaka ya mviringo yenye nywele zilizokatika na magamba ni sura ya mapunye, na mapunye hutoka kwa watoto wenzake, kitana, kofia au mashine ya kinyozi. Anayeweza kuambukizwa hapo ni mdogo, kwa hiyo mchambue nywele na yeye. Na hutashangaa tena kwa nini krimu haikusaidia: fangasi wa kichwani wamejificha ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye mzizi, na hakuna krimu inayofika huko. Mapunye ya kichwa yanatibiwa kwa dawa ya kunywa. Griseofulvini kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8, tena pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili unaifyonza kidogo. Tebinafini ni kama wiki 4. Kipimo kinakwenda kwa kilo za mtoto, kwa hiyo mahali ambapo hawajampima uzito wakakuandikia, uliza. Wazazi wengi huacha dawa wiki ya tatu, nywele zikianza kuota, na mapunye yanarudi. Shampuu ya kuua fangasi husaidia tu kupunguza kusambaza.

Mwalimu ana nia njema, lakini akishaanza dawa hakuna sababu ya kumnyima masomo miezi miwili. Omba aliyemtibu akuandikie karatasi ya shule. Pakitokea uvimbe laini kama jipu kichwani, unatoa usaha na nywele zinang'oka zenyewe, usikubali upasuliwe. Mara nyingi ni mapunye yaliyochachamaa, na yanahitaji dawa ya kunywa, siyo wembe.

Unaona tayari kwamba una wagonjwa wawili tofauti, na labda hawahitaji ngazi moja. Hapo ndipo swali la bingwa linapokaa.

Wewe umeweka njia mbili tu: bingwa wa mjini au zahanati ya piritoni. Katikati pana mtu ambaye wengi hawamjui. Moshi, pale hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kanda kinachofundisha magonjwa ya ngozi. Pamoja na madaktari bingwa, kinawachukua matabibu ambao tayari wana uzoefu, wanasoma ngozi kwa miaka 2, kisha wanarudi kwenye hospitali za wilaya na mikoa. Huyo siyo bingwa kwa cheo, lakini pumu ya ngozi, mapunye na upele ndiyo mkate wake wa kila siku. Kwako wewe pa kuulizia kwanza ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke. Ulizia mapokezi maswali matatu: kliniki ya ngozi ipo, ni siku gani, na wanataka barua ya rufaa au la. Kliniki za ngozi mara nyingi zina siku zake maalumu, na aliyekwenda siku nyingine hukutana na daktari wa kawaida, akarudi nyumbani akisema hospitali ile haina mtu wa ngozi. Halafu usishtuke ukiona kibao kimeandikwa "ngozi na magonjwa ya zinaa". Ni fani moja tangu zamani. Kina mama wengine hufika mlangoni wakageuza kwa aibu.

Faida ya njia hii kwako ni kwamba mdogo hajatimiza miaka 5, na sera ya afya ya Tanzania inamsamehe mtoto wa umri huo gharama kwenye vituo vya umma. Hasara yake ni foleni, na dawa zikikosekana dirishani utaambiwa ukanunue. Dada yake ana miaka 7, msamaha haumhusu, na dawa zake za wiki 6 zina bei. Hiyo iweke kwenye hesabu.

Zahanati au kituo cha afya usikidharau pia. Upele, vidonda vya bakteria vyenye ukoko wa rangi ya asali, na mapunye ya kawaida vinaweza kumalizwa pale. Kwa mdogo, kazi ya kituo cha afya inaweza kuwa barua ya rufaa tu, maana hospitali kubwa za umma zinaweza kukurudisha usipokuwa nayo. Barua nzuri inataja ugonjwa umeanza lini, dawa zilizokwishatumika na kwa muda gani, na kwa nini unapelekwa mbele. Ukipewa karatasi imeandikwa "ugonjwa wa ngozi" basi, omba kwa adabu waongeze. Hatari ya ngazi hii unaijua mwenyewe, piritoni na losheni ya pinki. Piritoni inamlaza mtoto, lakini muwasho wa pumu ya ngozi haitulizi sana. Wapo pia wanaotoa sindano ya muwasho. Uliza ni dawa gani. Ikiwa ni steroidi, mtoto atapata wiki nzuri, kisha ngozi italipuka upya, na umeshaiona sinema hiyo.

Kuna daktari wa watoto pia, ambaye hukumtaja. Kama mdogo anakohoa usiku, anabanwa kifua, au uzito wake umesimama, pengine huyo ndiye mlango sahihi, kwa sababu atamtazama mtoto mzima.

Bingwa wa binafsi naye ana nafasi yake. Utaonwa haraka, atatumia muda, na mabaka ya mashavuni pamoja na miezi minne ya steroidi ni sababu ya kutosha kutaka jicho la juu. Ninachokuomba ufikirie ni hiki: 50,000 inanunua siku moja, na pumu ya ngozi ni ugonjwa wa kuishi nao kwa vipindi. Watoto wengi huupunguza au kuuacha wanapokua, lakini kati ya leo na hapo unahitaji mafuta ya kila siku, dawa ya siku mbaya, na kurudi kuonwa baada ya wiki 2 hadi 4. Igawe ile 120,000 kwenye karatasi kabla hujatoka: kumwona, dawa za mara ya kwanza, nauli, kumwona mara ya pili, dawa za binti, mafuta ya miezi miwili. Ikitosha, njia hiyo iko wazi. Isipotosha, ni afadhali ujue leo kuliko kujua ukiwa dirishani na karatasi ya dawa mkononi. Wengine huanzia hospitali ya mkoa, wakaiweka ile pesa kando kwa ajili ya bingwa iwapo wiki 4 za tiba sahihi hazitazaa kitu. Wengine huenda kwa bingwa mara moja kupata jina la ugonjwa na mpango ulioandikwa, kisha wanaendelea na ufuatiliaji hospitali ya umma.

Ukichagua binafsi, hakikisha ni daktari. Siku hizi vibao vya "kliniki ya ngozi" ni vingi, na vingine ni vya urembo: kung'arisha, kuondoa madoa. Uliza waziwazi kama ni daktari aliyesomea magonjwa ya ngozi, na kama anaona watoto. Usajili wa madaktari unashikiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, unaweza kuulizia jina huko. Dalili nyepesi ukiwa ndani: mtaalamu wa ngozi atataka mtoto avuliwe nguo zote, atamtazama kichwa, kucha, mdomo na nyayo, na atakuuliza nyumbani nani mwingine anajikuna. Anayeandika dawa mtoto akiwa na shati hajakuzidi sana wewe. Na anayekupa mafuta kwenye kikopo kisicho na lebo, aliyoyachanganya mwenyewe na hasemi ndani yake mna nini, atakurudisha pale ulipoanza.

Siku ya kwenda, usimpake chochote asubuhi. Beba kadi ya kliniki yenye uzito wake, maboksi, na sabuni unayotumia, au hata picha yake. Kwa kuwa ngozi hii ina tabia ya kupoa siku ya daktari, piga picha ikiwa mbaya: mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, bila kurembesha picha. Moja kwa mbali ionekane ni sehemu gani ya mwili, moja kwa karibu ukiweka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Picha hizo ni kumbukumbu nzuri. Kuzituma kwa mtu asiyemjua mtoto ili akuandikie dawa ni jambo lingine. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe hauonekani mwekundu kama kwenye picha za vitabuni, unaonekana kama kijivu, zambarau au weusi, na simu inaficha nusu yake.

Ukiwa mbele yake, usitoke bila kujua jina la ugonjwa, jina la dawa (siyo rangi ya boksi), dawa ipi ya usoni na ipi ya mwilini, inapakwa mara ngapi na siku ngapi, na ufanye nini ikirudi. Akikuandikia steroidi, usiogope kwa sababu ya yaliyopita. Kipimo chake ni hiki: kamua dawa juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncha mpaka kwenye pingili ya kwanza. Huo mstari ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa kawaida usoni huandikwa haidrokotizoni ya asilimia 1, na mwilini kitu cha wastani, kwa siku 7 hadi 14. Wanaopaka kidogo sana kwa woga huishia kupaka miezi mingi.

Wakati unasubiri siku ya kliniki, kuna kazi ya nyumbani ambayo kila mtaalamu wa ngozi atakuagiza. Acha sabuni ya mche. Ni ya nguo, inakwangua mafuta yote ya ngozi, na ukiichanganya na maji ya chumvi ya kisima mtoto anatoka bafuni akiwa kama samaki wa kukaushwa. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, tena sehemu zenye uchafu tu, bila dodoki. Ukipata ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, iwe ya kumsuuzia mwisho. Asizidi dakika 10 majini. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga, usimsugue, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima, kufuata upande unywele unakoelekea. Kiasi kinachoshangaza wengi: mtoto mwenye ngozi hii anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki, hata zaidi. Kikopo kikikaa miezi mitatu, mtoto hapakwi. Kwa joto la Dar mafuta mazito mchana yanaweza kuleta harara, kwa hiyo wengine hupaka mgando usiku na krimu nyepesi asubuhi. Kucha zikatwe fupi, na nguo ya kulalia iwe pamba.

Kuhusu mama mkwe. Mtoto wa miaka mitatu aliyeachishwa mayai, maziwa na dagaa kwa pamoja amenyang'anywa protini na chokaa ya mifupa, na watoto wengi wenye pumu ya ngozi chakula hakina hatia. Aleji ya chakula kwa kawaida hujionyesha ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo inavimba, mwili unatoka mabaka ya kuwasha, anatapika. Uliwahi kuona hivyo? Kama ndiyo, chakula hicho usimrudishie mwenyewe, liwe la daktari. Kama hujawahi, na ngozi haikubadilika tangu Pasaka, una jibu lako mkononi, liulizie kliniki kabla mtoto hajapungua kilo. Maji ya mwarobaini ya kuogea, yakiwa ya vuguvugu na bila kumsugua na majani, ugomvi wake sidhani kama unakufaa. Ila ngozi yenye vidonda inaweza kuchomwa nayo, na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe kabisa, yameshawadhuru watoto wadogo vibaya. Bibi mwenye nguvu ya kuchemsha majani kila jioni ana nguvu ya kupaka mafuta ya mgando kila jioni. Ungemwomba hilo, angekataa?

Zipo dalili zisizongoja foleni wala barua: homa pamoja na ngozi inayouma kuliko kuwasha, malengelenge madogo au vishimo vya mviringo vinavyofanana vimekusanyika pamoja, vidonda machoni au mdomoni, ngozi inayobanduka baada ya dawa mpya, uso kuvimba na mkojo kuwa wa rangi ya chai baada ya vidonda vya ngozi. Hapo ni hospitali iliyo karibu, usiku huohuo.

Nimelibakiza la mume wako kwa sababu ndilo nisiloweza kulijua nikiwa huku. Umesikia "ni ngozi tu" kama kupuuza. Inawezekana ni kupuuza. Inawezekana pia ni mtu anayesikia 50,000 akahesabu kodi, na hajawahi kukaa saa nane usiku ameshika ile mikono. Kwenda kimya kimya kuna nafuu yake, unakwenda kesho. Lakini tiba hii ni ya kila jioni, na kopo la gramu 250 kila wiki halifichiki nyumbani. Labda kabla ya kuamua, mwachie usiku mmoja alale yeye na mtoto, au muonyeshe shuka la asubuhi pamoja na karatasi yako ya mgawanyo wa pesa, bila hotuba.

Ukishapita huko, tuandikie jina la ugonjwa na majina ya dawa ulizopewa. Na tuambie kama ulikuta dalili za upele katikati ya vidole.